Hazelnati za Song Ayi

Jepchirchir alianza kunyonyoa majani ya miti ya Song Ayi Jumapili moja asubuhi, katikati ya Novemba, akiwa amefunga leso kiunoni. Hakuwa na nia mbaya. Aliyachuma moja moja kama mtu anayechambua mboga, akayatia kwenye beseni, na kufikia saa sita mchana miti yote miwili ilikuwa imebaki vijiti vitupu ndani ya mapipa yake ya buluu. Ng'ambo ya kichochoro, jirani yao Bi Liang alikuwa dirishani akianika nguo. Alisimama na shati mkononi, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani kuchukua simu.

Jepchirchir alikuwa na miaka thelathini na minane, na Guangzhou alikuwa amekaa saba. Kazi yake ilikuwa kununua nguo za watoto kwenye majumba ya jumla ya Guangyuan Xilu na kuwatumia wenye maduka wa Eldoret na Nakuru. Kutwa nzima alikuwa akipishana na wapagazi na marobota yao, akibishana bei, na jioni alirudi kwenye nyumba ya ghorofa moja iliyojificha nyuma ya barabara hiyo. Chini alikaa yeye, juu alikaa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa Song Ayi, mjane wa miaka sabini na mmoja. Ayi ndivyo mtu anavyomwita mwanamke wa rika la mama yake, na Jepchirchir hakuwahi kumwita vinginevyo. Yeye naye aliitwa Chepu, kwa sababu jina zima lilimshinda bibi huyo tangu siku ya kwanza. Song Ayi hakuwa mtu wa Guangzhou. Alitoka Liaoning, kaskazini kabisa, ambako theluji huziba milango, akaja kusini kumfuata mwanawe wa pekee, Zhao Peng, ambaye ni mhandisi.

Uani palikuwa na nafasi ya hatua sita kwa nne. Jepchirchir alipanda sukuma wiki ndani ya maboksi meupe ya kusafirishia samaki, Song Ayi alipanda vitunguu vya majani, na pembeni, mahali penye jua la asubuhi, palikuwa na ile miti miwili ya hazelnati. Kwao Liaoning mti huo huota nyuma ya nyumba za watu. Kokwa zake ni za mviringo, zenye ganda la kahawia, mfano wa makadamia ila ndogo, zile zile zinazosagwa na kuchanganywa na chokoleti. Wachina huziita zhenzi. Pale Yide Lu, mtaa wa vyakula vikavu, zinauzwa kwa magunia, zimeshakaangwa, lakini Song Ayi hakutaka za gunia. Kaka yake alimtumia miche miwili ya aina mbili tofauti, kwa kuwa hazelnati moja haiwezi kuzaa peke yake. Lazima chavua ya mmoja iufikie mwingine. Miaka sita ikapita. Miti ilikua ikampita mtu kwa urefu, ikatoa majani mapana, mazuri, na haikuzaa hata kokwa moja.

"Huku hakuna baridi," Song Ayi alikuwa akisema. "Mti haulali. Wewe ukikaa mwaka mzima bila kulala, utazaa nini?"

Jepchirchir alicheka kila mara aliposikia hivyo, lakini maneno yale yalimkumbusha shamba la mama yake kule Ainabkoi. Mama yake alikuwa na miti arobaini ya matufaha, na Ainabkoi nako hakuna theluji. Kila Oktoba mama huyo aliinyima miti maji, kisha akawaita watoto wote waje kuipukutisha majani kwa mkono. Mti ulisimama mtupu wiki chache ukidhani umepita msimu wa baridi, halafu ukaamka na maua. Jepchirchir alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu akiwa darasa la pili. Alikuwa amemweleza Song Ayi habari hiyo, kwa Kichina chake cha sokoni na mikono mingi hewani, na bibi akawa anamtazama kama mtu anayesikiliza hadithi za sungura.

Mwezi wa Oktoba Song Ayi alianguka. Alikuwa anashuka ngazi na ndoo ya maji ya kumwagilia miti, akateleza ngazi tatu za mwisho, na Jepchirchir akamkuta amekaa sakafuni, maji yametapakaa, uso mweupe kama chokaa. Nyonga ilikuwa imevunjika. Jepchirchir ndiye aliyeita gari la wagonjwa na ndiye aliyepanda naye, akimshika mkono njia nzima. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya tatu alikwenda kumwona, akakuta bibi ana dawa za maumivu mwilini, macho yanafumba na kufumbua.

"Miti yangu, Chepu," alisema. "Itakauka."

"Haitakauka, Ayi. Mwaka huu nitailaza. Nitaitoa majani, nitaitafutia baridi. Nakuahidi."

"Hao, hao," Song Ayi akajibu, yaani sawa, sawa, kisha akasinzia.

Nje ya chumba alikutana na Zhao Peng. Alimshukuru kwa kumsaidia mama yake, akamshukuru tena, halafu akamwambia kwamba mama atakaa kwake Panyu miezi mitatu au zaidi, maana huko kuna lifti. Kuhusu nyumba, alisema, kuna mfanyabiashara anayeitaka sehemu ya chini pamoja na uani ili ahifadhi marobota. Mkataba wa Jepchirchir ulikuwa unaisha Februari.

"Tutaona baada ya sikukuu ya Mwaka Mpya," alisema. "Mama akipona tutaamua."

Jepchirchir alirudi nyumbani akasimama uani. Hakutaka kuhama. Ilikuwa nyumba ya kwanza Guangzhou ambayo alikuwa amelala ndani yake bila kusikia mlango wa jirani. Na alikuwa ametoa ahadi kwa mgonjwa, ingawa hakuwa na hakika kama mgonjwa mwenyewe aliisikia.

Akampigia mama yake.

"Mama, ile miti ya matufaha, ukishaitoa majani unangoja siku ngapi?"

"Inategemea. Kwani umepanda matufaha huko China?"

"Si matufaha. Ni hazelnati. Miti ya mama mwenye nyumba."

Nyuma ya mama kulisikika ng'ombe. "Huo mti siujui," akasema. "Matufaha yetu ni ya aina isiyotaka baridi nyingi, ndiyo maana ujanja wa majani unatosha. Mti wa theluji utataka baridi ya kweli. Na ni mti wa mtu, Jepchirchir. Mti ukifa usiseme ni mimi niliyekufundisha."

"Sitakutaja, Mama."

"Majani toa yote. Macho usiguse. Ukilivunja jicho, hapo hapatachipua tena."

Baridi ya kweli, Guangzhou, mwezi wa Novemba, watu wakiwa bado na mashati ya mikono mifupi! Jepchirchir aliwaza siku mbili kabla hajamkumbuka Byron Simiyu. Simiyu alikuwa mtu wa Kitale, mnene, mcheshi, anayeleta parachichi kutoka Kenya. Alikodi chumba cha baridi kwenye ghala moja karibu na soko la matunda kaskazini mwa jiji. Jepchirchir alimfuata huko huko ghalani.

"Dada, ngoja nielewe," Simiyu alisema. "Unataka kuniletea miti kwa friji."

"Miwili tu."

"Iko na matunda?"

"Itakuja hata majani haina."

"Sasa friji ya nini? Si uiweke tu kwa kona ikufie pole pole?"

Jepchirchir akamweleza yote: theluji ya Liaoning, matufaha ya Ainabkoi, nyonga ya Song Ayi. Alimwambia kwamba miti inahitaji wiki tisa za nyuzijoto nne, tano, bila kukatika, na kwamba isiwekwe karibu na matunda yoyote, kwa sababu matunda yakikaa ndani hutoa hewa inayoharibu macho ya mti. Hayo ya mwisho aliyasoma kwenye simu.

Simiyu alikuna kidevu. "Msimu wetu umefungwa mpaka Machi. Chumba kiko tupu na nyuzi ni nne. Lete. Lakini laoban, mwenye ghala, akiniuliza, sikujui."

Hivyo ndivyo Jumapili ile alivyonyonyoa majani. Aliyaacha macho yote, na ile mikia midogo migumu inayoning'inia kwenye matawi, ambayo ndiyo maua ya kiume, hakuigusa. Siku kumi baadaye akakodi tuktuk ya mizigo, akaifunga miti kwa kamba pamoja na mapipa yake, na Bi Liang akatoka hadi mlangoni safari hii, akapiga video waziwazi.

Zhao Peng alipiga simu jioni ile ile. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Miti ya mama yangu iko wapi?"

"Iko salama. Nimeipeleka... kwenye baridi." Jepchirchir alitafuta maneno. Alijua kusema bei gani, punguza, rangi hii haipo, mzigo umechelewa. Hakujua kusema mti umepumzishwa. "Imelala. Iko ndani ya friji."

"Ndani ya friji."

"Friji kubwa. Ya parachichi."

"Nimeona video," Zhao akasema polepole. "Umeitoa majani yote. Jirani anasema umeiuza. Sitagombana na wewe, ulimsaidia mama yangu siku ile na sitasahau. Lakini ile miti ndiyo kitu pekee alicho nacho kutoka kwao. Mama bado ni dhaifu, sitamwambia, na wewe nakuomba usimpigie. Mwezi wa pili mkataba ukiisha, utafute mahali pengine."

"Bwana Zhao, njoo uione. Nitakupeleka mwenyewe."

"Sina nafasi," akasema, akakata.

Jepchirchir alikaa kitandani na simu mapajani. Angeweza kwenda kuichukua miti siku ya pili na kuirudisha uani, ili Bi Liang aione na maneno yaishe. Lakini miti yenyewe ingerudi ikiwa mitupu, haikulala wala haikuamka, na hapo ndipo ingekufa kweli. Aliamua kuiacha.

Wiki zile tisa zilikuwa ndefu. Kila Jumamosi alipanda metro hadi ghalani, akavaa koti zito analokopeshwa mlangoni, akaingia chumbani. Miti ilisimama peke yake katikati ya sakafu tupu. Aligusa udongo. Ukiwa mkavu aliumwagia kikombe kimoja cha maji, si zaidi. Alikwaruza ngozi ya kitawi kwa ukucha kuona kama chini kuna kijani. Kilikuwepo. Wiki iliyofuata, kilikuwepo. Lakini kila aliporudi kwenye treni alianza kuwaza kwamba pengine kile kijani ni cha juu tu, na mizizi imeshaoza.

Huku nako alitafuta nyumba. Aliona chumba Sanyuanli kisicho na dirisha, na kingine juu ya kiwanda cha vibao vya matangazo, kinanuka gundi. Bi Liang alipokutana naye kichochoroni aligeuza uso. Sokoni alikosea hesabu za saizi mara mbili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, hadi mama wa kibanda anakonunua rompa za watoto akamuuliza kama anaumwa.

Mama yake naye alipiga simu kila wiki. "Wale wagonjwa wako vipi?"

"Wapo, Mama."

"Na wewe?"

"Mimi pia nipo."

Jumamosi ya mwisho wa Januari aliingia ghalani akakuta pilikapilika. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku kadhaa kabla ya Mwaka Mpya wa Wachina, na katika siku hizo kila mtu hununua cheri za kupelekea jamaa zawadi. Malori yalikuwa yamepanga mstari hadi barabarani. Jepchirchir alifungua mlango wa chumba cha Simiyu, na mbele yake kukawa na ukuta wa maboksi mekundu ya cheri, kutoka sakafuni hadi darini. Miti haikuwepo.

Alimtafuta mlinzi. "Miti miwili. Mapipa ya buluu. Iko wapi?"

"Mei you," mlinzi akasema bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Hakuna.

"Ilikuwa humu Jumamosi iliyopita!"

"Mei you, mei you. Hiki chumba ni cha cheri."

Alimpigia Simiyu. Simiyu alifika baada ya dakika ishirini, shati halijafungwa vizuri, akamkabili mlinzi kwa Kichina cha kasi, kisha akamgeukia Jepchirchir, na kicheko chake chote kilikuwa kimekwisha.

"Dada, pole. Laoban alinipigia jana akaniomba nimwachie chumba wiki moja kwa ajili ya cheri. Nikasema sawa, nikamwambia ahamishe vitu vyangu. Sikufikiria. Walaai sikufikiria."

"Ahamishe wapi?"

Simiyu alitazama upande wa pili wa ghala, kwenye milango mizito ya chuma yenye barafu kwenye kingo. Vile vilikuwa vyumba vya kugandisha, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Wakati wa msimu, parachichi zake zilizokatwakatwa huhifadhiwa huko, na kwa watu wa ghala, vitu vya Simiyu visipokuwa chumbani mwake basi huwekwa kwenye barafu.

Walikwenda mbio. Simiyu aliufungua mlango wa kwanza, ukungu ukawapiga usoni. Samaki. Wa pili, maandazi ya kugandishwa, maboksi kwa maboksi. Jepchirchir aliingia hadi ndani, pumzi ikimkata, akazunguka kila safu. Mti uliolala unaweza kuvumilia baridi kali ukiwa shambani, mizizi ikiwa chini ya ardhi na theluji. Ndani ya pipa mizizi ingeganda usiku mmoja. Hilo nalo alilisoma kwenye simu, na sasa alitamani asingelisoma. Chumba cha tatu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli.

"Nani ana ufunguo?" Simiyu alipaza sauti. "Ufunguo!"

Mwanamke mmoja mpakiaji, wa makamo, mwenye kofia ya manyoya, aliyekuwa anasukuma toroli la cheri, alisimama. "Mnatafuta nini?"

"Miti," Jepchirchir akasema.

"Zhenzi?" yule mwanamke akauliza.

Jepchirchir akaitikia kwa kichwa.

"Njooni," akasema.

Aliwapeleka nyuma, kwenye ujia mrefu unaounganisha vyumba na sehemu ya kupakulia. Hapakuwa na joto wala baridi kali. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi nane. Mwisho wa ujia, mbali na cheri, palikuwa na vitu viwili vimefungwa mablanketi makuukuu ya pamba, yale mazito wanayofunikia mizigo, na juu ya mablanketi vilitokeza vijiti vya matawi.

"Walitaka kuiingiza kwenye barafu," mwanamke akasema. "Nikawaambia, nyinyi mna wazimu? Hii ni zhenzi. Mimi ni mtu wa kaskazini, wa Heilongjiang, nyuma ya nyumba yetu iko mingi. Nikaivuta hadi huku." Alishika tawi moja, akaligeuza kwenye taa. "Angalia macho yamevimba. Mwenyewe ni wewe? Basi ipeleke nyumbani. Imelala vya kutosha. Ikiamkia humu gizani utajilaumu."

Jepchirchir alikaa chini pale pale, juu ya saruji, mgongo kwenye pipa. Simiyu alivua kofia, akajipepea nayo ndani ya ghala la baridi, na hapo wote watatu wakaanza kucheka, hata yule mwanamke ambaye hakujua hasa wanacheka nini.

Aliirudisha miti siku ile ile, akaipanga mahali pake pa asubuhi, akaimwagilia. Bi Liang alichungulia, akaona vijiti, akatikisa kichwa, akafunga dirisha.

Siku tano hakukutokea kitu. Siku ya sita ile mikia migumu ilianza kulegea. Siku ya tisa ilikuwa imerefuka kama kidole cha mtu mzima, laini, ya manjano, na Jepchirchir alipoigusa, unga ulimwagika kwenye kiganja chake. Akapiga magoti kutafuta maua ya kike. Yalimchukua robo saa kuyaona, kwa jinsi yalivyo madogo: nyuzi nyekundu chache tu zinazotoka kwenye ncha ya jicho, kama uzi uliochomoza kwenye shati. Akaliona moja, kisha jingine, kisha akaanza kuyaona kila mahali. Alikata mikia miwili kutoka mti huu akaikung'uta juu ya ule, na ya ule juu ya huu, polepole, jicho kwa jicho. Kisha akampigia mama yake video, akamsogezea simu karibu.

"Ndiyo hiyo?" mama akasema. "Maua gani hayo, kama chawa?"

"Ndiyo hayo, Mama."

"Basi yameamka." Mama alicheka, akamwita dada wa Jepchirchir aje aone. "Sasa unaweza kusema ni mimi niliyekufundisha."

Jepchirchir alimtumia Zhao Peng picha tatu. Hazikujibiwa. Hata hivyo usiku huo alilala hadi asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Novemba. Nyumba ingeondoka, sawa, lakini miti ilikuwa hai.

Siku ya tatu ya Mwaka Mpya alisikia gari kichochoroni. Alikuwa anakunja nguo zake kwenye boksi. Mlango wa uani ukafunguliwa, na Song Ayi akaingia, mwembamba kuliko zamani, ameshikilia fremu ya kutembelea, hatua moja, hatua nyingine. Zhao Peng alikuwa nyuma yake, ameinua mikono tayari kumdaka.

"Mama, nimekwambia tumekuja kuchukua nguo tu. Kuhusu miti, kuna jambo nilitaka kukueleza njiani—"

Song Ayi hakumsikiliza. Alikuwa ameshafika kwenye pipa la kwanza. Aliachia fremu kwa mkono mmoja, akavuta tawi hadi karibu kabisa na miwani yake. Fataki zilisikika kwa mbali.

"Nyekundu," akasema. Akavuta tawi jingine. "Na hapa. Peng, njoo uone. Nyekundu!"

Zhao alisogea, akainama, hakuona kitu, akainama zaidi. Mama yake akamwonyesha kwa ukucha.

"Chepu," Song Ayi akaita, na Jepchirchir akatoka na shati mkononi. "Uliilaza wapi?"

"Kwenye friji ya parachichi, Ayi."

Bibi alicheka hadi ikabidi mwanawe amshike kiuno. "Aliniambia hospitalini kwamba ataitoa majani na kuitafutia baridi. Nikamwambia hao, hao. Lakini sikudhani angeipata baridi Guangzhou!"

Zhao Peng alimtazama mama yake. "Ulijua? Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Jepchirchir alihisi kitu kikimshuka kutoka mabegani hadi miguuni. Miezi mitatu alikuwa amejibeba kama mwizi, kumbe mtu mmoja aliyetakiwa kujua alikuwa anajua siku zote, huko Panyu, ghorofa ya ishirini na tatu, akingoja habari ambazo hakuna aliyempelekea. Alikaa kwenye ukingo wa boksi la sukuma wiki, akafuta macho kwa lile shati.

Zhao alisimama mbele yake akiwa hajui aweke mikono wapi. "Nilikukosea," akasema. "Uliniambia nije nione. Sikuja."

"Kichina changu ndicho kilichokukosea," Jepchirchir akajibu.

"Hapana. Nilikuelewa. Sikuamini tu."

Mambo mengine yalipangwa siku hiyo hiyo, wamekaa uani, na aliyeyapanga ni Song Ayi. Alisema lifti ya Panyu imemchosha na majirani wa huko hawasalimiani. Atarudi mwezi wa nne, atakaa chini kwa sababu ya nyonga, na Chepu atapanda juu. Mwenye marobota akatafute kwingine. Zhao aliangalia miti, akakubali. Jioni alikwenda peke yake nyumbani kwa Bi Liang na boksi la cheri, na asubuhi yake Bi Liang akaja kuomba aonyeshwe maua.

Majani yalitoka Machi. Mwezi wa Juni, katikati ya joto lile la Guangzhou linalofanya nguo zisikauke, Song Ayi aliona kokwa ya kwanza, imejificha ndani ya vazi la kijani lenye pindo zilizochanika. Walihesabu kumi na moja. Mvua ya dhoruba iliangusha mbili. Mwezi wa Agosti zile tisa zilizobaki zilianguka zenyewe, moja leo, mbili kesho, na bibi alizipanga kwenye sahani ukingoni mwa dirisha hadi Jumapili ambayo wote wangekuwepo.

Simiyu alikuja na parachichi. Zhao alikuja na koleo la kuvunjia maganda. Kokwa mbili zilikuwa tupu, na hakuna aliyejali. Saba zilizokuwa na kitu ndani waligawana, Bi Liang akiwa mmojawapo, na Jepchirchir aliiweka yake ulimini akaitafuna taratibu. Ilikuwa tamu kidogo, laini, yenye ladha ya maziwa kwa mbali, tofauti kabisa na zile za Yide Lu.

"Ndogo," Song Ayi akasema. "Kwetu ni kubwa mara mbili." Akatafuna tena. "Lakini hii ni yenyewe."

Jua lilikuwa limeshapanda na udongo ndani ya mapipa umeanza kupasuka. Zhao Peng aliinuka, akajaza ndoo kwenye bomba, akaileta, akauliza amwage kiasi gani.

"Mpaka maji yatokee chini," Jepchirchir akamwambia.

Akamwaga, akangoja, kisha akachutama kutazama chini ya pipa kama yametokea.